NYWELE ZA MTU NI ZA NANI?

Ziko methali mbili ambazo watu wengi wa nchi yetu huzitumia wakitaka kumnyamazisha mtu aliyevaa au kujipamba kwa namna isiyowapendeza. Ya kwanza husema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ya pili husema, "Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Mimi nami nimezitumia zote mbili mara nyingi, wala sikuona ubaya wowote ndani yake mpaka mwaka 2019, nilipoandika kwa mkono wangu neno moja fupi ambalo limenisumbua hata leo. Nataka kuwasimulia wasomaji habari hiyo, kwa maana nadhani si mimi peke yangu niliyeliandika.

KIJANA WA KUMI NA SABA

Mwaka huo Serikali ya Kenya ilikuwa ikijitayarisha kuhesabu watu usiku wa tarehe 24 Agosti. Hesabu hiyo ilikuwa ya kwanza katika nchi yetu kufanywa kwa vyombo vya kielektroniki vya mkononi badala ya karatasi, na kwa hiyo walitakiwa vijana wengi wenye elimu ya sekondari, wasioogopa mashine, na wanaojua lugha za watu watakaowahesabu. Katika sehemu moja ya nyanda za juu, ambayo sitaitaja, iliwekwa kamati ya kuwahoji walioomba kazi hiyo. Mimi ni karani, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuita majina, kuandika alama walizopata, na mwishoni kuandika uamuzi wa kamati.

Kijana wa kumi na saba katika orodha yangu aliingia akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vilivyong'aa, na vyeti vyake ndani ya bahasha safi. Alisalimia kwa adabu, akangoja aambiwe aketi. Alijibu maswali yote. Alipopewa hesabu ya kujumlisha watu wa nyumba tano, alimaliza kabla ya mzee aliyeuliza kumaliza kuvaa miwani yake. Lakini nywele zake zilikuwa rasta, ndefu, zimefungwa kwa nyuma kwa uzi mweusi.

Alipotoka, wanakamati walikaa kimya kidogo. Kisha mmoja akasema, "Huyu akibisha hodi usiku, watu watafunga milango." Mwingine akasema kwamba mtu wa Serikali hana budi kufanana na mtu wa Serikali. Wa tatu akacheka, akasema kijana akanyoe kwanza, kisha arudi. Hapana aliyeuliza kama amewahi kuiba, au kama anakunywa pombe, au kama majirani zake wanamwogopa. Basi nikatumwa nje nikamwambie habari ya kunyoa.

Nilimkuta amesimama chini ya mti pamoja na wenzake. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Bwana karani, kuna hesabu niliyokosa?" Nikamwambia la. Akasema, "Basi asante," akachukua bahasha yake, akaenda zake. Nikarudi ndani nikaandika mbele ya jina lake, "Hafai."

MASIKIO YA BABU

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumbani kuwaona wazazi. Jioni, tulipokuwa tukinywa chai, niliwasimulia habari ya yule kijana kama mtu anavyosimulia kichekesho. Wote walicheka isipokuwa babu yangu. Umri wake wakati huo ulikuwa umepita miaka tisini, na sisi tulidhani hakusikia. Kumbe alisikia vyema. Aliinua mkono akashika ncha ya sikio lake, mahali penye kovu nililoliona tangu utoto wangu bila kuuliza limetoka wapi.

"Mjukuu wangu," akasema, "unajua kovu hili?"

Kwetu zamani mtoto alitogwa masikio kabla hajafikia umri wa kutahiriwa, na ndewe zikapanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti mpaka zikaweza kubeba mapambo makubwa. Mtu asiyetogwa alihesabiwa mtoto bado, hata awe mrefu namna gani. Babu naye alitogwa kama wenzake. Mwaka 1943, mwaka wa njaa, alikwenda kwenye shule moja ya misheni akitaka kusoma. Aliambiwa kwamba nafasi ipo, lakini mwanafunzi mwenye masikio yanayoning'inia hawezi kuketi na Wakristo. Akapelekwa kwa mganga msaidizi wa zahanati, akashonwa masikio yote mawili siku moja.

"Nilikaa wiki mbili nikilala chali," akasema babu, "maana sikuweza kuweka shavu juu ya kitu chochote. Nyuzi zilipotolewa nikapewa ubao na chaki. Nikafurahi sana. Basi likizo nikaenda nyumbani. Baba yangu aliponiona aliuliza, 'Huyu ni mtoto wa nani?' Nikamwambia, 'Ni mimi, baba.' Akasema, 'Mimi nilipeleka kijana. Ninyi mmenirudishia mtoto mchanga.' Hakula pamoja nami siku tatu."

Tulinyamaza. Babu akaendelea, "Wale wa shule walitaka nifanane nao. Wale wa nyumbani walitaka nibaki kama wao. Hawa waliniambia ni dini, na hawa waliniambia ni mila. Lakini sikio lilikuwa langu, na maumivu yalikuwa yangu, wala hapana hata mmoja katika wote aliyeniuliza ninataka nini. Na wewe leo umemwuliza yule kijana?"

Babu hakusema neno lingine juu ya jambo hilo. Alifariki baadaye akiwa na kovu lake, naye alikuwa mzee wa kanisa aliyeheshimiwa na watu wote. Sikupata nafasi ya kumjibu ipasavyo, na labda makala haya ndiyo majibu yangu.

DESTURI HUBADILI NGUO

Tukitazama mambo yaliyopita katika Afrika Mashariki tutaona kwamba desturi ya mavazi, tunayoisema kana kwamba ilishuka pamoja na mvua ya kwanza, imebadilika mara nyingi sana, na mara nyingi imebadilika kwa ugomvi.

Tuanze na pwani. Zamani za utumwa, mtu aliweza kujua hali ya mwenzake kwa kumtazama tu. Kofia, kanzu nzuri na viatu vilikuwa alama za waungwana. Mtumwa kwa desturi alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, na wajakazi walivaa merikani au kaniki. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, jambo moja walilolifanya upesi wale waliopata uhuru ni kununua nguo walizokuwa wamekatazwa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, na wanawake wakajifunga leso za rangi na maua, kisha wakavaa buibui. Wako waungwana waliochukizwa, wakaona kwamba kila mtu sasa anajifanya bora. Leo hapana mtu wa Mombasa au Lamu anayemwuliza mwanamke aliyevaa leso kama babu zake walikuwa waungwana au watwana. Nguo iliyoleta manung'uniko imekuwa nguo ya arusi, ya matanga, na ya kumbebea mtoto mgongoni.

Kanzu yenyewe ina habari ya ajabu zaidi. Huko Lamu ilikuwa vazi la mtu wa heshima anayekwenda msikitini. Lakini ilipofika Nairobi zamani za ukoloni, katika nyumba za Wazungu, ilikuwa sare ya mpishi na mtumishi wa mezani. Kitambaa kilikuwa kile kile na mshono ule ule, lakini mahali pamoja kilimwinua mtu na mahali pengine kilimweka jikoni.

Tutazame Tanzania mara baada ya uhuru. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 utapiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi. Mambo hayo, walisema, ni ya kigeni na yanaharibu utamaduni wa Mwafrika. Jambo hili liliitwa Operesheni Vijana, na mabishano yakajaa magazetini. Wako waliounga mkono kwa moyo wote. Wako pia walioandika kuuliza kama suti na tai za wakubwa zilifumwa Dodoma.

Lakini katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1967, palikuwa na vita nyingine ya nguo katika nchi hiyo hiyo. Wamasai waliambiwa waache shuka na ngeu, wavae suruali na magauni kama raia wa taifa la kisasa. Msomaji ayaweke mambo hayo mawili pamoja, ayapime. Msichana wa Dar es Salaam aliambiwa avue sketi kwa kuwa ni ya kigeni mno, na kijana wa Kimasai aliambiwa avue shuka kwa kuwa ni ya kienyeji mno. Leo shuka ile nyekundu huuzwa katika maduka ya viwanja vya ndege, na wageni huinunua kama alama ya Afrika Mashariki.

Malawi walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973, chini ya utawala wa Dakta Banda, ilitungwa sheria juu ya mavazi, na mwanamke aliyevaa suruali, au sketi isiyofunika magoti, alihesabiwa mkosaji. Wanaume nao walikatazwa kufuga nywele ndefu. Sheria hiyo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wa chama kimoja ulipokuwa ukielekea mwisho wake. Wanawake wa Malawi sasa huvaa suruali kwenda shambani na ofisini, wala nchi haikuzama katika ziwa lake.

NYWELE ZA MSITUNI

Nimerudi sasa kwenye nywele, maana ndizo zilizonitia hatiani.

Katika wilaya za nyanda za juu, nywele zilizosokotana zina habari nzito. Wapiganaji wa Mau Mau walipoingia misituni ya Mlima Kenya na Nyandarua katika miaka ya 1950, hawakuwa na wembe wala nafasi ya kinyozi. Nywele zao zilirefuka zikafungamana, na baadaye zikawa alama yao. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, picha yake akiwa amelala chini na nywele zake zimetapakaa ilienezwa ili watu wamwone kuwa mtu wa kutisha. Mwezi wa Februari 2007 sanamu yake ilisimamishwa katika barabara inayoitwa kwa jina lake, Nairobi, na mchongaji hakumnyoa. Yuko pale na rasta zake, bunduki mkononi. Kila asubuhi makarani wa mji hupita chini yake wakienda kazini, katika ofisi ambazo nyingine zisingempa Kimathi hata kazi ya kufungua lango.

Alikuwapo pia mama Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi mashali katika jeshi la msituni. Alitoka msituni mwaka 1963, uhuru ulipopatikana, lakini nywele alizotoka nazo hakuzikata. Alizifuga miaka karibu sabini, mpaka zikawa ndefu za kufika chini. Mwezi wa Aprili 2022, kwa hiari yake, alizikatwa na Mama Ngina Kenyatta huko Nyeri. Basi nchi nzima ikaanza kubishana. Wengine walisema vyema, wengine walisema hakupaswa kunyolewa, kwamba nywele zile ni mali ya historia. Jambo la kutazama ni hili: watu wengi waliosema hawakumwuliza mwenyewe. Alipofuga walisema, na aliponyoa wakasema. Yeye alieleza kwamba uamuzi ulikuwa wake. Alifariki mwezi wa Septemba 2023, na tunaweza kusema kwamba katika maisha yake marefu alifuga kwa sababu yake na akanyoa kwa sababu yake.

PALE DESTURI INAPOTUMIA MIKONO

Baadhi ya wasomaji watasema, "Maneno ya watu hayavunji mfupa. Kijana akisemwa kidogo kuna ubaya gani?" Nami nakubali kwamba majirani wana haki ya kusema. Mzazi ana haki ya kumwonya mwanawe, na shangazi ana haki ya kumwambia binti kwamba nguo ile haifai matangani. Kijiji kisicho na maneno ni kijiji kilichohamwa.

Lakini maneno yana tabia ya kuota mikono. Mwezi wa Novemba 2014, katika mji wa Nairobi, wanaume kwenye kituo cha matatu walimzunguka mwanamke mmoja wakamvua nguo mbele ya watu, wakisema kwamba amevaa vibaya. Msomaji apime maneno hayo. Walimvua nguo ili kumfundisha kuvaa. Picha zake zikaenea, na wanawake wengine wakatendewa vivyo hivyo. Tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana katikati ya mji kusema kwamba mwili wa mwanamke si mali ya kituo cha matatu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo sheria ilirekebishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu likawa kosa lake peke yake katika sheria ya jinai, lenye kifungo cha miaka mingi.

Najua mtu atasema kwamba mimi na kamati yetu hatukumgusa yule kijana hata kwa kidole. Ni kweli. Lakini sisi tulikuwa na lango la kazi, na mwenye lango hahitaji ngumi. Anayevua mtu nguo barabarani na anayemnyima mtu mshahara kwa ajili ya nywele hawalingani kwa ukatili. Hata hivyo wote wawili wamejipa mamlaka juu ya mwili usio wao, na wote wawili hujiita walinzi wa desturi njema.

SHERIA INASEMA NINI

Kwa aibu yangu, mimi mtumishi wa Serikali sikuwa nimesoma vizuri Katiba ninayoitumikia. Nilikwenda kuisoma baada ya maneno ya babu. Katiba ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu chake cha 27 inakataza Serikali kumbagua mtu, na katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwa ajili yake, pamoja na kabila, dini, ulemavu na mengineyo, limetajwa waziwazi neno "mavazi". Tena imesemwa kwamba hata mtu binafsi asimbague mwenzake kwa mambo hayo. Kifungu cha 28 kinasema kwamba kila mtu ana utu wake, na utu huo uheshimiwe.

Halafu mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 2019, wiki chache tu baada ya watu kuhesabiwa, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hukumu katika shauri la msichana wa kidato cha kwanza aliyefukuzwa shuleni mwezi wa Januari kwa sababu ya rasta zake. Wazazi wake ni wafuasi wa imani ya Rastafari. Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba nywele zile zilikuwa sehemu ya imani yake, na kwamba shule haikuwa na haki ya kumtoa darasani kwa ajili yake. Nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa nimekaa kwenye meza ile ile niliyoandikia "Hafai."

Na msomaji asidhani kwamba mambo haya huwapata wadogo tu. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia na suti za Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika. Suti hiyo imepewa jina la Bwana Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, aliyependa kuivaa. Kwa hiyo vazi lililopata sifa kwa mkombozi wa nchi ya Kiafrika likazuiwa mlangoni pa Bunge la nchi nyingine ya Kiafrika. Sina nafasi ya kubishana na Spika juu ya kanuni za nyumba yake. Nasema tu kwamba hata mheshimiwa anaweza kuonja kidogo alichoonja babu yangu.

KANUNI ILIYO NA SABABU

Je, maana yake ni kwamba kila mtu avae apendavyo na kila kanuni itupwe? Sivyo. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo, na wakulima watakaosoma makala haya watanicheka. Anayelisha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe hawezi kuvaa skafu inayoning'inia. Mashine haijui mitindo. Mpishi afunike nywele. Muuguzi akate kucha. Askari avae sare, ili raia ajue anasema na nani. Hata sare ya shule ina faida, maana humfunika mtoto wa maskini asijulikane mbele ya mtoto wa tajiri. Na mwalimu mkuu akisema kwamba nywele fupi huwapunguzia wazazi gharama ya msusi, amesema neno la kusikilizwa, ingawa halimtoshi yule ambaye nywele zake ni ibada yake.

Tofauti iko wapi basi? Mimi naona yako maswali matatu ambayo kila mwenye lango, awe karani, mwalimu, mwajiri au mzee wa kamati, yafaa ajiulize kabla hajamrudisha mtu.

Kwanza, je, kanuni hii imetoka katika kazi yenyewe, au imetoka katika macho yangu? Nywele za yule kijana zisingeharibu hesabu ya nyumba hata moja.

Pili, je, tunaishika kwa watu wote sawasawa? Katika kamati yetu alikuwapo mzee mwenye ndevu za kufika kifuani, wala hapana aliyesema kwamba ndevu hizo zitawatisha watoto.

Tatu, je, mhusika ameulizwa? Labda ana dini, au nadhiri, au maradhi ya ngozi ya kichwa, au ni mapenzi yake tu. Na hata yakiwa mapenzi yake tu, kichwa ni chake.

Kwa upande wa vijana nao, nina neno moja. Uhuru wa kujipamba hauondoi adabu. Kijana anayekwenda kuwaposea wazazi wa mchumba, au kumzika jirani, akijistiri kwa namna isiyowaumiza wenyeji, hajapoteza kitu. Lakini heshima hiyo huitoa yeye kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu atoavyo zawadi. Ikinyakuliwa kwa nguvu haiwezi tena kuitwa heshima. Tena kijana akumbuke methali ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Rasta hazimfanyi mtu kuwa mpiganaji wa uhuru, kama vile tai isivyomfanya mtu kuwa mwaminifu.

KILO ZA MAZIWA

Yule kijana nilimwona tena mwaka 2022. Mama yangu hupeleka maziwa kwenye chama cha ushirika karibu na nyumbani, na asubuhi moja alikuwa mgonjwa wa miguu, nikabeba mkebe mimi. Karani wa mizani alikuwa ndiye. Nywele zake zilikuwa pale pale, ndefu zaidi, lakini amezifunika zote kwa kofia nyeupe ya kitambaa. Nilikaa kwenye foleni nikimtazama. Wazee kwa akina mama walimpa vitabu vyao bila wasiwasi, naye aliandika kilo kwa mwandiko mzuri, akimsomea kila mtu kwa sauti kile alichoandika.

Nilimwuliza mama mmoja juu yake. Akaniambia, "Huyu? Tangu aje, maziwa hayapungui njiani." Nikamwuliza juu ya zile nywele. Akasema, "Meneja alimwambia afunike kwa sababu ya maziwa. Akafunika siku ile ile. Kwani wewe ulitaka azifanye nini?"

Zamu yangu ilipofika, nilimwambia mimi ni nani, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinitazama kama alivyonitazama chini ya ule mti, akatabasamu kidogo, akasema, "Yamepita, mzee. Weka mkebe hapa." Akapima. "Kilo saba na nusu," akasema, akaandika, akageuza kitabu ili nione mwenyewe kwamba ameandika sawa.

Tangu siku hiyo, ninapokaa kwenye kamati yoyote, huweka kalamu chini kwanza kabla ya kuandika mbele ya jina la mtu. Wenzangu wenye malango makubwa na madogo, nanyi wazazi mnaongoja kwa hasira mtoto arudi kutoka kwa msusi, nawasihi mfanye vivyo hivyo. Mwulizeni kwanza. Huenda mkapata sababu njema, huenda mkapata upuuzi wa ujana ambao miaka itaunyoa yenyewe. Lakini kovu mnaloliweka kwa haraka, mwenzenu atalibeba miaka sabini, kama babu yangu alivyolibeba sikioni mwake.